Maharage ya Msiba Usiokuwepo

"Kwa nini nife mimi?" Efrazia alimwuliza binti yake. "Nina shamba la kupanda, nina ndama anaharisha. Mimi sifi."

"Mama, ni kuigiza tu."

"Hata kuigiza. Tafuta mwingine."

Violeth alisimama mlangoni na simu mkononi, amejifunga shuka mabegani kwa sababu ya baridi. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa bado umelala juu ya vilima vya kijiji chao cha Daudi, na mikaratusi ilionekana nusu tu, kama watu waliofunikwa blanketi. Alikuwa amepanga kila kitu. Turubai la jumuiya lilikuwa limefungwa uani tangu mapema. Mikeka ilikuwa imetandikwa. Moto wa wanaume ulikuwa umewashwa kando ya zizi, na viti vimeuzunguka. Wasichana wawili wa kwaya walikuwa wamekuja na khanga zao. Aliyekosekana ni marehemu.

Baba yake, Yoakimu, alikuwa amepeleka ng'ombe kwenye josho. Violeth alitaka kazi iishe kabla hajarudi, maana Yoakimu alijua binti yake anatengeneza filamu, ila hakujua kwamba ndani ya filamu kuna msiba.

"Nitakufa mimi," sauti ikatoka jikoni.

Alikuwa Marieta, mama yake Yoakimu, amekaa karibu na mafiga anaota moto. Walicheka wote, naye akacheka kidogo.

"Mnacheka nini? Mimi si ndiye niliye karibu? Nitandikieni shuka jeupe, nilale. Wa rika langu wamekwisha wote, Violeth. Huwa nafikiri, nikifa nani atakuja kunililia? Labda panya. Basi nililiwe leo kwa filamu, hata kama ni na wasichana wa kwaya."

"Bibi, usiseme hivyo."

"Nimesema nini kibaya? Mtu anataka azikwe na watu. Ndicho ninachokitaka mimi hapa duniani, sina kingine nilichobakiza. Nipe mkono."

Violeth alimwinua, akampeleka chumbani, akamlaza karibu na dirisha dogo linalotazama uani. Akamfunika vizuri miguu, kwa kuwa miguu ya bibi ilikuwa haipati joto. Marieta alipenda jinsi mjukuu wake alivyolikunja lile shuka chini ya visigino bila kuambiwa.

Filamu yenyewe ilikuwa ya mafunzo. Huko Dongobesh, Raudha, binti wa Abdillah mwenye duka la vitambaa, alikuwa amerudi kutoka masomoni akakusanya vijana awafundishe kuandika miswada ya filamu. Hadithi ina sehemu tatu, aliwaambia. Kwanza tumjue mtu, na tujue anataka nini. Pili azuiwe, azuiwe tena, mpaka atumbukie shimoni. Tatu atoke shimoni akiwa amebadilika. Kila kijana angetengeneza filamu fupi kwa simu yake, na watu wangeitazama pale ukumbini.

Katika maneno yote hayo Violeth alilishika moja, shimo. Raudha alisema shimoni ndipo mtazamaji anapolia. Violeth alitaka watu walie. Na kwao, mtu akitaka kujua kilio ni nini, haendi mbali. Anakwenda msibani.

"Mama, ukisikia nasema anza, unalia," alisema, akiifunga simu kwenye kijiti alichokichomeka ardhini. "Usitazame huku."

"Nitaliaje, na mama mkwe yuko ndani anakohoa?"

"Mkumbuke bibi mzaa mama."

Efrazia akavuta khanga kichwani. Na Violeth aliposema anza, ilitoka sauti iliyowashtua hata wasichana wa kwaya. Ilipanda juu ya turubai, ikapita zizi, ikavuka bonde pamoja na upepo uliokuwa unaondoa ukungu.

*

Ng'ambo ya bonde, Mary alikuwa anaongoza maksai. Mvua za kwanza zilikuwa zimelainisha ardhi, na kila nyumba iliyokuwa na plau ilikuwa shambani, maana udongo wa namna ile haungoji mtu. Alisikia kilio, akainua macho. Akaona turubai kwa Yoakimu. Akaona moshi kando ya zizi, mahali ambapo moshi hauwi siku ya kawaida. Akaona wanawake wameketi mikekani.

Hakuuliza mtu. Huko hakuna anayeuliza, na kwa Yoakimu aliye karibu na kaburi alikuwa Marieta peke yake. Akafungua nira, maksai wakabaki mferejini wanashangaa, akakimbia nyumbani kubeba mzigo wa kuni. Njiani alimpigia kelele jirani, jirani naye akamwita mwingine, na baada ya kitambo kidogo rimu ya gari iliyoning'inizwa kama kengele kigangoni, kwenye kanisa lao dogo, ikaanza kugongwa polepole, kama inavyogongwa mtu akifa. Kilima kizima majembe yakalala chini. Siku ya msiba ardhi haichimbwi, isipokuwa mahali pamoja.

Violeth, jicho lake likiwa kwenye simu, alimwona Mary akiingia uani na kuni kichwani, akazitua, akajitupa mkekani kando ya Efrazia akilia. Moyo wake ukaruka kwa furaha. Alidhani mama yake amemwalika. Akajisemea, Mama Mary anaigiza vizuri namna hii, kumbe tulikuwa naye siku zote. Raudha aliwaambia mtu akilia kweli, kamera isizimwe. Hakuizima.

"Mama yangu uliyenipokea," Mary alilia. "Nilikuja hapa kutoka Hanang sijui kisima wala njia, ulinishika mkono. Siku ya uchungu wangu, mvua imeloanisha kuni za kijiji kizima, ulivunja zizi lako unichemshie maji. Ulivunja zizi, mama. Nimekuletea kuni leo, zitakufaa nini."

Chini ya khanga Efrazia aliijua ile sauti. Akafungua jicho moja. Akaona machozi ya Mary yanadondoka kweli, na nyayo zake zina matope ya shamba. Akataka kusema. Akafikiri, nimwache amalize, nitamwambia taratibu. Kabla Mary hajamaliza akaingia mwingine na debe la mahindi. Kisha mwingine na maharage kwenye kapu. Kisha punda na madumu ya maji. Kila aliyeingia alimshika Efrazia mabega na kulia, na kila mara ukweli ulizidi kuwa mzito mdomoni mwake, mpaka yeye mwenyewe akaanza kulia tena, safari hii kwa hofu.

Upande wa moto, mzee Margwe alifika na kiti chake cha miguu mitatu, kile anachokwenda nacho kila mahali kwa ajili ya mgongo. Akakiweka, akakaa, akanyoosha mikono kwenye moto.

"Alikuwa ananibeba mgongoni," aliwaambia wanaume. "Nilikuwa mtoto wa kulialia, yeye ni msichana mkubwa. Sasa nani amebaki aliyeniona nikiwa mdogo? Nimekuwa mzee kabisa leo."

"Alikuwa mgumu wa sadaka, tuseme kweli," akasema Severine, mwenyekiti wa jumuiya. "Lakini mgonjwa hakuwahi kulala na njaa yeye akijua."

Vijana watatu walisimama nyuma yao na makoleo. Walimwona Violeth kando ya kijiti chake, wakamsogelea kwa heshima.

"Dada, pole sana. Baba hayupo? Tulitaka kuuliza tuchimbe wapi."

Hapo ndipo Violeth alipotazama kando ya simu. Akaona makoleo, akaona kuni zimerundikana mpaka ukutani, akaona uso wa Mary.

"Hapana," alisema. "Msichimbe. Subirini."

Lakini kutoka barabara ya josho alikuwa anakuja mtu mbio, kofia hana, fimbo hana, ng'ombe amewaacha huko huko. Yoakimu alikuwa ameambiwa njiani. Aliingia uani akiwa ameshika kifua, akapita katikati ya watu bila kumwona yeyote.

"Mama," alisema. "Mama, hata hukuningoja."

Akafika mlangoni. Na mlango ukafunguliwa, na Marieta akatoka, shuka jeupe mabegani, ameshikilia ukuta.

"Nimengoja mpaka nimechoka," alisema. "Yoakimu, mbona unalia? Nani amekufa?"

*

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo Violeth alilolikumbuka baadaye. Alidhani watu wangecheka, na kicheko kingekuwa rahisi.

Yoakimu alikaa chini pale pale kizingitini, akamshika mama yake kifundo cha mguu. Mary alisimama, akajifuta uso kwa ncha ya khanga, akamtazama Efrazia.

"Ulinijua," alisema. "Nilipokushika uliniangalia."

"Mary, nilitaka kusema."

"Ulinijua ukaniacha nilie."

Akaenda zake. Wengine wakafuata mmoja mmoja. Severine alifungua kamba za turubai yeye mwenyewe, akalikunja kwa hasira mpaka likatoka vibaya akalikunja upya.

"Uliniambia ni la shughuli," alimwambia Violeth.

"Ni shughuli, mjomba. Ya filamu."

"Turubai hili limefunika wazazi wetu wote. Watu wameacha maksai mferejini. Kengele imegongwa, na kengele ikigongwa haigonguliwi. Wewe binti umeita kifo nyumbani kwenu, na sisi wote umetufanya wapiga hodi wake. Jumapili baada ya ibada wazee watakaa. Na nikwambie mapema, yako maneno ya kuwatenga."

Kutengwa. Efrazia alilisikia neno hilo akaweka mkono ukutani. Kila mtu hapo alijua maana yake. Nyumba iliyotengwa haisalimiwi, haiazimwi moto, haipewi plau, na ng'ombe wake hawanywi na wa wenzao. Na wakipatwa na msiba wa kweli, hakuna anayekuja na kuni wala koleo. Wanazika wenyewe.

Uani vilibaki vile vitu: kuni, mahindi, maharage, na yale madumu ya maji. Efrazia aliwakimbilia watu wachukue vya kwao, wakakataa bila kugeuka. Kitu kikishaletwa msibani hakirudi kwa aliyekileta. Kukirudisha nyumbani ni kurudi na msiba. Na nyumba ya Yoakimu nayo isingeweza kuvila, maana ungekilaje chakula cha msiba pasipo aliyekufa? Yakakaa pale, maharage mazuri, mekundu, na kuku wakifukuzwa.

Jioni Marieta aliomba atolewe nje aone. Akaangalia rundo lile. Kisha akaangalia upande wa moto uliozimika.

"Kiti cha Margwe hicho," alisema.

"Amekisahau," akajibu Efrazia kwa uchovu.

"Margwe? Mtu ambaye mgongo wake hauwezi benchi hata la kanisani?" Marieta alitikisa kichwa. "Anayekutenga huchukua kiti chake, mwanangu. Kiingizeni ndani kisinyeshewe."

*

Siku zilizofuata walionjeshwa kutengwa. Kisimani wanawake walisogeza ndoo zao mbali na ya Efrazia, wakazungumza habari za mvua. Kwenye mashine ya kusaga alisimama mpaka waliokuja nyuma yake wakasagiwa na kuondoka, akahudumiwa wa mwisho, na unga wake ukachanganyika na mabaki ya wenzake. Kijana wa mashine, mwenye mdomo, akamwuliza, "Marehemu hajambo?" Watu wakacheka chini chini. Efrazia akajibu, "Hajambo, anakusalimu," akajitwisha unga wake akaenda. Alilia baadaye, akiwa peke yake njiani.

Yoakimu hakumpiga binti yake wala kumtukana. Alifanya kazi tu, kimya, na plau hakupewa, kwa hiyo alilima kwa jembe la mkono. Violeth alilima nyuma yake. Walifika mwisho wa tuta ndipo baba akasema, bila kumtazama, "Kutoka josho mpaka hapa, nilikuwa najiuliza mara ya mwisho nilimwambia nini mama. Nilimwambia uji una chumvi nyingi. Nikafikiri, ndilo neno langu la mwisho hilo."

"Nisamehe, baba."

"Nimekusamehe. Ila ile mbio bado iko kifuani."

Violeth alimpigia Raudha. Alitaka kusema ameacha mafunzo, na video ataifuta. Raudha alisikiliza mpaka mwisho. Huko nyuma yake zilisikika sauti za wateja wakibishana na Abdillah juu ya urefu wa kitenge.

"Violeth, mhusika wako ni nani?"

"Msichana aliyefiwa na mama."

"Anataka nini?"

Violeth akafikiri. "Hajataka kitu. Nilianzia shimoni."

"Ndiyo. Ulitaka machozi kabla ya kumjua mtu. Watu wakaleta ya kwao, wao wanamjua mtu wao. Hukuigiza shimo, mdogo wangu, umewachimbia wenzako." Kisha sauti yake ikapoa. "Na mimi nina kosa. Niliwafundisha msizime kamera, sikuwafundisha wakati wa kuzima. Nikiweza kuja niwaambie wazee hivyo, nitakuja."

"Hapana, dada. Nitasema mwenyewe."

"Basi kabla hujasema, jiulize lile la kwanza. Katika haya yote, nani anataka nini?"

*

Jumapili ibada ilipoisha hakuna aliyekwenda nyumbani. Mabenchi yalitolewa nje ya kigango, wazee wakakaa kivulini mwa ukuta, wanawake upande wa pili. Margwe aliletewa benchi, akakaa kwa tabu, akijigeuza huku na huku. Familia ya Yoakimu ilisimama. Marieta peke yake alipewa pa kukaa, na aliyempa alikuwa Mary. Hakumsalimia. Alitandika khanga yake kwenye jiwe, akaondoka.

Severine alieleza makosa. Kuita kifo. Kudanganya kwa turubai. Kupoteza siku ya watu msimu wa kupanda. Alisema vizuri, kwa utaratibu, na watu waliitikia kwa kichwa.

"Mimi nimekubali yote," akasema Yoakimu. "Nitatoa kondoo. Mkitaka na pombe ya wazee, nitatoa."

"Kondoo sawa," akasema Mary kutoka upande wa wanawake. "Atachinjwa, watu watakula. Lakini mimi nililia. Nililia mpaka usiku kichwa kiliuma. Machozi yangu atanirudishia nani? Kondoo?"

Margwe akamwonyesha Violeth kwa mkono. "Sema, binti."

Violeth alikuwa amejiandaa siku zote zile. Alianza kama alivyofundishwa. Alisema yeye ni nani na alitaka nini. Alisema alivyozuiwa na umaskini wa vifaa. Sauti akaishusha mahali pa kushusha, akanyamaza mahali pa kunyamaza, na alipofika kwenye shimo, machozi yakaja kwa wakati wake.

"Anaigiza tena," akasema mtu nyuma.

Si kwa sauti kubwa, ila wote walisikia. Violeth akasita. Akatafuta sentensi iliyofuata, haikuwepo. Akawatazama Mary, baba yake, yule kijana wa koleo aliyemwita dada na kumpa pole.

"Ni kweli," alisema polepole. "Niliyapanga maneno haya. Sina mengine. Nilitaka kuliza watu, sikujali ni akina nani. Mama Mary, nilikuona unalia nikafurahi. Ndivyo ilivyokuwa. Nilifurahi." Akainamisha kichwa. "Kama mnatutenga, nitengeni mimi. Bibi yangu kitu anachokitaka duniani ni kimoja tu, azikwe na watu. Msimnyime hicho kwa ajili yangu."

Hakulia aliposema hayo. Alikuwa mkavu kabisa, na safari hii hakuna aliyesema anaigiza.

Marieta akaomba ainuliwe. Efrazia akamshika upande mmoja. Upande wa pili ukaachwa wazi kidogo, kisha kijana wa koleo akaja akamshika.

"Shikamooni wakubwa, kama wapo," alisema Marieta, na watu wakatabasamu kwa kuwa hakuwepo hata mmoja aliyemzidi. "Mimi ndiye marehemu. Nisikilizeni. Nililala pale dirishani nikadhani ni wale wasichana wa kwaya. Kisha nikasikia sauti ya Mary. Nikasikia habari ya zizi. Mary, mimi zizi lile nilikuwa nimelisahau. Miaka yote hii hukuniambia kitu, ulikuwa unanisalimia tu na kupita. Kumbe umelibeba."

Mary alitazama chini.

"Kwa nini sikutoka? Nilitaka kutoka. Ila nikasikia na mwingine, na mwingine, nikasema acha nisikie kidogo. Kosa hilo ni langu, si la mtoto. Nilikuwa na njaa ya kusikia. Kila mtu hapa ataliliwa siku moja, na hatasikia hata neno. Nimeshinda misiba mingi nikiwaambia wafu mambo mazuri ambayo hawakuyasikia wakiwa hai. Mimi nimesikia. Umeuliza, Mary, machozi yako atayarudisha nani. Hayarudi, mwanangu. Yamefika. Ya wengine yote huanguka mkekani. Ya kwako yamefika kwa mwenyewe."

Mary akafunika uso kwa viganja.

"Nimemsikia na Margwe, eti nilimbeba. Nilikubeba, na ulikuwa mzito, na ulikuwa unanikojolea." Watu wakacheka, kwa mara ya kwanza tangu siku ile. "Na wewe Severine, mwenyekiti. Umesema nilikuwa mgumu wa sadaka."

Severine akakohoa. "Nilisema na mengine, mama."

"Ulisema. Nimeyasikia yote mawili. Leo nimetoa sadaka, mwulize mhazini." Kicheko kikawa kikubwa, na hata Severine akajifuta macho. Marieta akangoja kitulie. "Sasa yako maharage kule uani. Hayarudi kwenu, na sisi hatuwezi kuyala. Ni ya nani? Mliyaleta kwa nani? Kwangu. Basi ni ya kwangu, mimi nawaalika. Njooni tule nikiwa naona. Na siku nitakapokufa kweli, yeyote aliyekula asidhani amemaliza deni lake. Aje tena, hata na kijiti kimoja. Ni hilo tu."

Akakaa. Mzee mmoja akataka kusema juu ya mila, kwamba neno la kutenga likishatamkwa halimezwi hivi hivi. Margwe alimwacha aseme mpaka akamaliza, kama inavyopasa. Kisha akajigeuza kwenye benchi, akashika kiuno.

"Mimi mnanipa hukumu ngumu," alisema. "Kiti changu kiko kwa Yoakimu. Mkiwatenga wale, nitakaa juu ya nini?"

*

Hakuna aliyetengwa, na siku iliyopangwa watu wakaenda kula kwa Yoakimu. Kondoo alichinjwa vilevile, maana makosa yalikuwa makosa. Violeth alikwenda shambani kwa Mary kabla ya hapo, akaongoza maksai mpaka ile mifereji iliyokatizwa ikaisha, na Mary alitembea nyuma ameshika plau bila kuongea, ila walipofika mwisho akampa maziwa mgando katika kibuyu na kusema, "Kunywa, umekonda." Turubai lilifuliwa, likaanikwa juu ya ua mpaka likanuka jua. Severine alilileta yeye mwenyewe uani kwa Yoakimu, akalifunga.

"Leo ni la shughuli," alisema.

Wanawake walichemsha maharage katika masufuria ya jumuiya. Efrazia alikuwa anakoroga, na mwiko ulipomzidi nguvu, mkono mwingine ukaushika chini ya wa kwake. Ulikuwa wa Mary. Wakakoroga pamoja. Hawakuzungumza habari ya siku ile. Mary alisema tu kwamba chumvi haijakolea, Efrazia akasema Yoakimu hapendi chumvi siku hizi, ana sababu zake.

Violeth alikuwa amesimama kando, simu ipo mfukoni. Severine akamjia, akamsogeza pembeni.

"Ile video umeifuta?"

"Bado, mjomba. Nitaifuta leo."

"Mimi nilitoka vipi?"

"Umetoka ukisema habari za sadaka."

Severine akafikiri, akashika kidevu. "Haiwezekani ukanichukua upya? Leo nimenyoa."

Violeth akamtazama bibi yake. Marieta alikuwa ameketi mkekani katikati ya wanawake, bakuli mapajani, miguu imefunikwa khanga ambayo hakuwa nayo alipotoka ndani. Violeth akaenda akapiga magoti mbele ya Mary.

"Mama Mary. Ile sehemu yako ni yako. Ukisema nifute, nafuta hapa hapa mbele ya macho yako."

Mary alipuliza maharage kwenye kijiko akampa Marieta aonje.

"Mwanzo wa filamu ni nini?" aliuliza.

"Nataka kubadilisha mwanzo. Bibi yuko jikoni anasema anataka azikwe na watu, anaogopa hawatakuja."

"Halafu?"

"Halafu wanakuja."

Mary akaitikia kwa kichwa. "Niweke. Lakini baada yake weka na hii, bibi anakula. Usiniache nimelia tu, watu wakaondoka wakidhani alikufa."

Violeth akatoa simu. Safari hii aliwauliza wote kwanza, nani hataki kuonekana. Yule mzee wa mila akasema yeye hataki, akahamia nyuma ya zizi na bakuli lake, na Yoakimu akampelekea nyama huko huko. Wengine walikaa walivyokaa. Hakumwambia mtu anza. Hakumwambia mtu acha.

Yoakimu aliingia ndani akatoka na kile kiti cha miguu mitatu, kimefutwa vumbi, akakiweka karibu na moto. Margwe alikaa, akashusha pumzi ndefu kama mtu aliyefika kwake. Walikula mpaka masufuria yakakwanguliwa, na kuni za Mary zikawaka mpaka mwisho, zikawapa joto walio hai.

Jua lilipoelekea kilimani watu walianza kuaga. Margwe naye akasimama, akachukua fimbo, akamwamkia Marieta kama mtoto anavyomwamkia mkubwa wake, akaanza kushuka njia ya bonde taratibu na mgongo wake.

"Margwe," Marieta alimwita. "Umesahau kiti."

Mzee hakugeuka.

"Sijasahau," alisema.